MGB ya 1966 imelala gereji zaidi ya miaka kumi: nikague nini kabla ya kutoa pesa?

Pwani_Berkshire

Wakuu, habari za jioni. Nimeonyeshwa gari aina ya MGB ya 1966, ile ya wazi yenye turubai, hapa Uingereza. Namba ya bodi inaanza na GHN3, ya injini inaanza na 18GB. Rimu za spoki, bampa za kromu, ina ovadraivu (gia ya ziada ya mwendo mrefu). Imelala gereji kavu zaidi ya miaka kumi na muuzaji anaapa kwamba ilipoegeshwa injini ilikuwa nzima. Rangi nyekundu, ukiitazama kutoka mbali inapendeza.

Naomba msaada. Nikague nini, na niende na vifaa gani? Nikishainunua, injini naiamshaje bila kuiua? Nimesikia pia umeme wake uko kinyume, chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi: niiache hivyo au niigeuze? La mwisho ni udadisi tu: hawa MG ndio walewale wanaouza SUV za umeme siku hizi?

Bati_na_Gesi

Mkuu, karibu. Injini iweke kando kwanza. Kwenye MGB unanunua bodi, injini ni nyongeza. Injini hata ikiwa imekufa kabisa inafunguliwa, silinda zinakerezwa, spea zote zinapatikana, na kazi inakwisha. Bodi ikiwa imeoza, bili ya kuchomelea inaweza kuzidi bei ya gari zima lililokwisha tengenezwa.

Sababu ni jinsi gari lenyewe lilivyojengwa. MGA iliyotangulia ilikuwa na chesisi yake chini, bodi imekaa juu. MGB iliyotoka Septemba 1962 haina chesisi. Nguvu yote imo kwenye bati, na kwa kuwa ya wazi haina paa la kusaidia, mzigo mkubwa unabebwa na sili, yaani lile boksi refu linalopita chini ya mlango kila upande. Boksi hilo si bati moja. Kuna bati la nje unaloliona, kuna bati la kati lililosimama ndani lisiloonekana, na kuna reli ya chini inayounganisha boksi na sakafu. Chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi huingia na tope nyuma ya gurudumu la mbele, inakaa kule ndani, na bati linaliwa kutoka ndani kuja nje. Ukiona malengelenge kwenye rangi ujue la kati limeondoka zamani.

Nenda na vitu vinne: sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi, tochi, bisibisi butu, na godoro la kulalia. Jeki itumie tu muuzaji akikubali.

Anza na milango kabla hujagusa kitu. Simama ubavuni uangalie ule mwanya kati ya mlango na bodi. Uwe sawa kutoka juu hadi chini, mbele na nyuma. Mwanya ukibana juu nyuma ya mlango na kupanuka chini, gari limeshainama katikati. Kisha weka jeki chini ya sehemu yake ya kunyanyulia kwenye sili, inua mpaka tairi iwe nyepesi, na ufungue mlango. Mlango ukigoma, au ukifunguka lakini ukakataa kurudi, hapo mazungumzo ya bei yamebadilika. Wakati unainua sikiliza: mlio wa kukwaruza kama biskuti inavunjwa ni kutu inayopondeka.

Sumaku ipitishe kwenye sili yote, kwenye madigadi ya mbele chini nyuma ya gurudumu, na kwenye ile kona ya chini mbele ya gurudumu la nyuma. Isiposhika, hapo kuna puti, yaani kijazio cha kufichia bovu. Halafu lala chini. Sili halali ina mshono chini, kingo za mabati zikiwa zimebanwa pamoja, na bati la nje linaendelea mbele hadi ndani ya madigadi. Ukiona bati laini lisilo na mshono, au linaloishia kwenye ukingo wa madigadi, mtu amefunika bovu kwa jipya. Hiyo tunaiita sili ya kufunikia na haina nguvu yoyote.

Usisahau mahali pa betri. Mwaka huo betri ni mbili za volti 6 zilizounganishwa mfululizo, ziko nyuma ya viti, kila moja kwenye kisanduku chake kinachoning'inia chini. Asidi na maji ya barabarani vimekula visanduku vingi. Sukuma kwa bisibisi pia pale springi za nyuma zinapofungwa kwa mbele. Mlango nao una ugonjwa wake: ufa unaoanzia chini ya kile kioo kidogo cha pembetatu ukielekea chini. Ufa mfupi unachomelewa, ila ukishajazwa puti utarudi.

Tangi la mafuta huoza kwa juu, si chini, kwa sababu tope na unyevu hubanwa kati ya tangi na sakafu ya buti. Harufu ya petroli kwenye buti baada ya kujaza tangi ni dalili yake.

Kabureta_Mbili

Mwenzangu amemaliza ya bati. Mimi naongeza gurudumu na injini.

Rimu za spoki hukaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) yenye meno. Inua gurudumu, mwenzako akanyage breki kwa nguvu, wewe ushike tairi ulisukume mbele na nyuma kama unalizungusha. Likigonga "kdo", meno yamekwisha, na meno ya rimu yakiisha na ya habu huwa yameisha, hivyo hesabu vyote viwili. Piga pia spoki moja moja kwa kitu kidogo cha chuma. Inayolia vizuri imekaza, inayotoa sauti ya ubao imelegea au imevunjika. Nati kubwa ya katikati hufunguliwa kwa kuizungusha upande uleule gurudumu linakozunguka gari likienda mbele, kwa nyundo ya shaba au ya ngozi. Ukikuta upande mmoja inafunguka kinyume, kuna aliyebadilishana habu za kushoto na kulia. Usiendeshe hilo gari. Nati itajifungua yenyewe njiani.

Tairi usiangalie kashata tu, yaani yale meno ya kukanyagia. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka. Kwa gari lililolala hivyo, zihesabu kuwa zimekufa, pamoja na mipira ya ndani, maana rimu za spoki lazima ziwe na tyubu.

Sasa injini. Namba ya 18GB ni habari njema. Injini za kwanza za MGB, 18G na 18GA, krenki yake ilishikwa na beringi tatu. Kuanzia mwisho wa 1964 zikawa tano, na hiyo ni injini ngumu kweli. Ujazo ni cc 1798, nguvu farasi 95. Kuiamsha usiwe na haraka hata kidogo, wala usikubali muuzaji akupigie stata "tuone tu".

Toa plagi zote nne. Mimina kijiko kimoja cha oili nyepesi kwenye kila silinda, acha usiku mzima. Kesho yake weka gia ya nne na usukume gari taratibu kwa mkono, tairi ziizungushe injini. Ikigoma usilazimishe, ongeza oili na usubiri tena. Ikizunguka vizuri, mwaga oili ya zamani, badilisha filta, weka oili mpya ya 20W-50 yenye zinki ya kutosha, karibu lita 4 na robo pamoja na filta. Oili za kisasa nyembamba hazifai hapa. Kemshafti na tapeti zake zinasuguana uso kwa uso na zinahitaji ile zinki.

Plagi zikiwa bado nje, piga stata kwa vipindi vya sekunde kumi mpaka geji ya oili ipande. Ukiona imepanda ndipo urudishe plagi. Injini ikishapata moto, barabarani geji isome kati ya psi 50 na 70, na ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyaga mafuta) isishuke chini ya 15 hivi.

Valvu zipime injini ikiwa ya baridi: inchi 0.015, sawa na mm 0.38. Fundi wa MGB hutumia kanuni ya tisa. Valvu ziko nane, ukitaka kupima ya 1, zungusha mpaka ya 8 iwe imefunguka kabisa. Ya 3 unapima ya 6 ikiwa wazi. Jumla daima ni tisa, huhitaji kutafuta alama yoyote. Pointi za distribyuta ziwe mm 0.35 hadi 0.40, plagi mm 0.64, mpangilio wa moto 1-3-4-2. Taimingi ya kuanzia, injini imezimwa, ni digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu.

Kabureta ni SU mbili aina ya HS4. Vua vile vikombe vya juu, kila kimoja na pistoni yake. Usichanganye cha mbele na cha nyuma, kila jozi imekerezwa pamoja. Safisha kwa petroli, usipitishe msasa. Ukirudisha, inua pistoni kwa kidole na uiachie: ishuke yenyewe na igonge chini "tak". Isipogonga, sindano inagusa jeti na lazima uipange upya katikati. Nati ya jeti ipandishe hadi jeti ilingane na daraja (ule ukingo wa ndani ya kabureta chini ya pistoni), halafu ishushe mizunguko miwili kamili. Hapo ndipo pa kuanzia. Kwenye fimbo tupu ya pistoni jaza oili ya injini hadi mm 13 juu ya ncha yake.

Kupima mchanganyiko, injini ikiwa na moto, kuna kipini kidogo chini ya kikombe. Kisukume kiinue pistoni chini ya milimita moja. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ukishuka au injini ikitaka kuzima, mafuta ni machache. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, umefika. Kusawazisha kabureta mbili hakuhitaji mashine, chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kila kabureta, na uzifanye zinong'one sawa.

Pampu ya mafuta ya SU iko nyuma chini, upande wa kulia karibu na betri. Ukiwasha swichi itagonga tiki-tiki-tiki kisha inyamaze. Isipogonga, pointi zake za ndani zimeota uchafu. Kuigonga kwa mpini wa bisibisi kunaweza kuiamsha, lakini kusikudanganye kwamba imepona. Ikigonga bila kunyamaza na tangi lina mafuta, kuna pale inapovuja au valvu ya bakuli la kabureta haifungi.

Mipira yote ya mafuta tupa. Petroli ya kawaida Uingereza tangu Septemba 2021 ni E10, yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli, na mipira ya zamani inalainika na kupasuka. Nunua mipira ya daraja la R9 na ujaze ile petroli ya gharama zaidi, E5. Gari likiungua, mara nyingi chanzo ni mpira wa shilingi chache uliopita juu ya ekzosi.

Breki: mipira mitatu, miwili mbele na mmoja nyuma, huvimba kwa ndani. Dalili ni gurudumu linalobaki limeshikwa baada ya kuachia pedali. Badilisha yote. Mfumo wa mwaka huo ni wa njia moja, ukipasuka mpira mmoja hubaki na kitu ila breki ya mkono.

Waya_Kahawia

Umeme. Ndiyo, hadi mwishoni mwa 1967 MGB zilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi, zikitumia dainamo. Zilizofuata zina altaneta na hasi kwenye bodi. Kuigeuza si kazi ngumu, lakini mtego uko kwenye geji ya mizunguko ya injini. Ya 1966 ni ya kielektroniki na inajali upande. Ukigeuza bila kuirekebisha ndani, umeiua.

Ukitaka kugeuza: ondoa nyaya za betri, zigeuze betri, badilisha klipu kwa sababu vichwa vya betri havilingani unene, badilishana nyaya mbili ndogo za koili, peleka geji kwa fundi wa geji. Kisha ifundishe dainamo upande mpya: toa waya kwenye kichwa chake kilichoandikwa F, gusisha hapo waya kutoka upande hai wa betri (usiofungwa kwenye bodi) kwa sekunde moja, mara mbili tatu. Cheche ndogo ni kawaida.

Mimi ningeiacha kama ilivyo. Faida ya kugeuza ni redio na chaja ya simu. Usitie tu redio ya kisasa kabla ya kugeuza, mwili wake ukigusa dashibodi ni fyuzi na moshi.

Kabla ya kulaumu kifaa chochote, jua rangi za nyaya. Kahawia ni hai muda wote na haina fyuzi, ndiyo ya kuogopwa. Zambarau ni hai muda wote kupitia fyuzi. Nyeupe ni ya swichi bila fyuzi, kijani ni ya swichi kupitia fyuzi, nyeusi inarudi kwenye bodi. Matatizo tisa kati ya kumi ni nyeusi isiyogusa vizuri, au vile viungio vya nyaya vyenye umbo la risasi ya bunduki vilivyoota ukungu wa kijani. Vichomoe, sugua kwa msasa laini, rudisha na grisi kidogo.

Ovadraivu ikikataa kuingia usikimbilie kushusha giaboksi. Angalia oili kwanza, kijiti chake kiko chini ya kizibo cha mpira kwenye tuta la katikati, na inatumia oili ya injini. Halafu pima kama umeme unafika kwenye solenoidi (sumaku ya umeme inayoiingiza) ukiwa gia ya tatu au ya nne. Gia ya kwanza haina sinkro (kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia) mwaka huo, kwa hiyo ikikwaruza gari likiwa linatembea si ugonjwa.

Ah, na spana. Nati zote ni za inchi. Spana ya 13 inaingia kwenye nusu inchi, ambayo ni 12.7, na ndiyo inayoharibu vichwa vya nati. Nunua seti ya inchi kabla ya kununua spea yoyote.

Pembe_Nane

Nijibu la udadisi, na litakusaidia kwenye makaratasi pia.

MG ni Morris Garages, duka na karakana za William Morris mjini Oxford. Cecil Kimber alikuwa meneja wake kuanzia 1922 na ndiye aliyeanza kuvalisha Morris za kawaida bodi za kimichezo. Alama ya pembe nane ilisajiliwa 1924. Mwaka 1929 kazi ilihamia Abingdon, kusini ya Oxford, na hapo ikabaki kwa miaka hamsini na moja. Morris aliiuza MG kwa kampuni yake mwenyewe ya Morris Motors mwaka 1935, Kimber akaondolewa 1941, na akafariki Februari 1945 katika ajali ya treni King's Cross. Hakuona Wamarekani wakizigombania MG baada ya vita, na wao ndio walioilisha Abingdon hadi mwisho.

1952 Morris na Austin waliungana wakawa kampuni ya BMC, 1968 ikawa British Leyland. MGB ilichorwa chini ya Syd Enever, bodi ikiwa kazi ya Don Hayter. Soko la Marekani ndilo lililoifanya na ndilo lililoiharibu. Sheria zao za bampa na za urefu wa taa zilileta zile bampa nyeusi za mwisho wa 1974, na gari likanyanyuliwa inchi moja na nusu. Ndiyo maana za baadaye zinayumba kwenye kona na zinauzwa nafuu. Septemba 1979 ikatangazwa Abingdon itafungwa, gari la mwisho likatoka Oktoba 1980. MGB zilizotengenezwa ni zaidi ya laki tano.

Jina liliendelea kuhama: MG Metro ya 1982, MGF ya 1995 wakati Rover, iliyokuwa na jina hilo, iko chini ya BMW, kisha MG Rover iliyofilisika Aprili 2005. Kampuni ya Nanjing ya China ikanunua mabaki, na SAIC, nayo ya China, ikaichukua Nanjing mwishoni mwa 2007. Hao wa SUV ni warithi wa jina kwa hati halali. Kiwanda na mikono ni vingine kabisa.

Kwenye karatasi: G ni MG, H ni kundi la injini, N ni ya wazi ya viti viwili, 3 ni toleo. GT ya paa, iliyotoka 1965, ina D badala ya N. Ukiona L baada ya hapo ilitoka kiwandani na usukani kushoto, na nyingi zimerudi kutoka majimbo makavu ya Marekani zikiwa na bodi nzuri kuliko zilizobaki hapa. Makumbusho ya magari ya Uingereza yaliyoko Gaydon hutoa cheti kwa namba hiyo: tarehe ya kujengwa, rangi ya mwanzo, namba ya injini ya mwanzo. Kwa umri wake gari limesamehewa kodi ya barabara na ukaguzi wa kila mwaka, mradi halijabadilishwa sana. Ukaguzi ulipie hata hivyo. Kule wanaangalia chini.

Pwani_Berkshire

Asanteni sana wakuu. Nimerudi kutoka kuiona. Kulia sumaku imeshika kote. Kushoto haikushika mahali pawili, kwenye madigadi chini na kwenye kona ya nyuma. Mshono chini ya sili ya kushoto hauonekani, ni bati laini lenye rangi nyeusi nzito. Mwanya wa mlango wa kushoto unabana juu, kidole kidogo hakipiti. Visanduku vya betri vizima. Injini imezunguka kwa mkono baada ya kusukuma. Rimu moja ya nyuma inagonga.

Bati_na_Gesi

Kushoto ni sili ya kufunikia, na bodi imeanza kulala upande huo. Bado linanunulika, ila kwa bei ya gari la kutengeneza, si ya gari linalong'aa. Hesabu sili nzima ya kushoto na mabati yake yote matatu, kipande cha chini cha madigadi, kona ya nyuma, rimu mbili na habu mbili za nyuma.

Ukifikia kuchomelea, gari lisimame juu ya ekseli zake, lisining'inizwe kwa jeki za katikati. Funga chuma cha kushikilia mwanya wa mlango, kutoka kwenye bawaba hadi kwenye kufuli, kabla ya kukata chochote. Kata kidogo kidogo, na kila hatua rudisha mlango uufunge. Bati la kati ndilo linaloamua: likipinda milimita tatu mlango hautafunga kamwe. Bati jipya litoboe matundu ya mm 6 hadi 8 kila baada ya sentimita tatu, pitisha rangi ya zinki kati ya nyuso, jaza matundu kwa kuchomelea, na uruke kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ili joto lisilivute. Rangi ikishakauka, nyunyizia nta ndani ya boksi.

Ukikuta upande wa kulia nao umefunikwa baada ya kuvua, acha kuweka viraka. British Motor Heritage wanatengeneza bodi nzima mpya ya MGB tangu 1988 kwa mashine za zamani za kiwandani. Pata bei yake kabla hujarudi kwa muuzaji, itakusaidia kujua unapotakiwa kusimama.